Maji imenyamaza: shajara ya kidhibiti cha samaki na mboga, Himbi, Goma

11 Februari

Puzolani imefika leo asubuhi, magunia 9 kwa chukudu mbili, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, na uwanja wetu mdogo umekuwa mweusi wote. Kwa asiyeijua: ni mawe mepesi ya volkano, yenye matundu mengi kama sponji. Hapa Goma tunayajengea, tunayatandaza njiani, watoto wanayarushia maembe. Kwingine watu hununua kokoto za udongo uliochomwa kwa ajili ya kazi hii. Sisi mlima umeshatuchomea.

Kazi yenyewe ni akwaponiki. Samaki wanakula na kuchafua maji. Maji hayo yanapandishwa kwenye kitanda cha mawe, na bakteria waliojishikiza humo wanageuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Mboga zinajilisha nitrati hiyo, na maji yanarudi kwa samaki yakiwa yamepungua ukali. Nina tangi moja la plastiki la lita 1,000, lile la kizimba cha chuma. Nimelikata: chini samaki, lita 650 za maji, juu kitanda, lita 300 za mawe.

Ila shajara hii ni ya kisanduku, yaani kidhibiti chenyewe, zaidi kuliko bomba na mawe. Nataka kifaa cha kusoma hali ya maji, kuwasha na kuzima pampu, na kupiga kelele kabla samaki hawajaanza kufa. Natoka nyumbani saa moja asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni, na umeme wa mtaani kwetu hukatika bila kuaga. Mama yupo nyumbani, lakini Mama ana kazi zake.

Nimepima mawe kwa namna mbili. Kwanza siki: nimemwagia punje chache, hakuna povu, kwa hiyo hakuna chokaa ya kunipandishia pH (kipimo cha asidi ya maji: namba ikipanda, asidi imepungua). Pili ndoo: ndoo ya lita 10 iliyojaa puzolani imepokea lita 4.5 za maji kabla ya kufurika. Kitanda changu cha lita 300 basi kitabeba lita 135 za maji kikijaa. Namba hiyo nitaihitaji.

Tumeosha mawe mara nne na maji yanatoka bado meusi. Mdogo wangu amesema inatosha, nami nimekubali kwa sababu bidoni za maji zimeisha.

18 Februari

Maji. Hapa mtu anachagua ziwa au mvua, na kila moja ina lake.

Maji ya Ziwa Kivu yana bikaboneti nyingi (chumvi zinazozuia pH kushuka), na pH ya maji ya juu ziwani iko karibu na 9. Tilapia hawaogopi hilo, wanaishi humo. Mimi naogopa amonia. Majini amonia ina sura mbili na moja tu ndiyo sumu kali, na kiasi cha ile kali kinategemea pH na joto. Maji yakiwa nyuzi 22 na pH 7, sehemu kali haifiki nusu ya asilimia. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 4. Kwenye pH 9 inaruka hadi 31. Uchafu ni ule ule, chakula ni kile kile, na ukali umeongezeka karibu mara sabini. Mboga nazo zina malalamiko yao: pH ikiwa juu madini ya chuma hayayeyuki, na majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani.

Mvua hapa inapita kwenye moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, inashuka na asidi, na ikitelemka juu ya mabati inakwangua zinki. Zinki ni adui wa samaki. Kwa hiyo tunaacha dakika kumi za kwanza za mvua zipotee, ndipo tunakinga.

Nimechanganya nusu kwa nusu. Dawa ya matone imeonyesha pH 8.3. Nitaanzia hapo.

25 Februari

Mdogo wangu amerudi kutoka Kampala na mfuko wangu. Mabamba mawili ya ESP32, kompyuta ndogo itakayokuwa akili ya kisanduku (moja la akiba), kihisi joto cha DS18B20 chenye ganda la chuma, kihisi cha pH na bamba lake, rilei nne, yaani swichi ambazo bamba linaziamuru, kwenye ubao mmoja, swichi za boya tatu, buza, na rezista za kila namna. Pampu ya maji ni ya volti 12, wati 24. Ya hewa ni ya volti 12 pia, wati 8, na inalisha mawe mawili ya viputo. Vyote vinakula kwenye betri ya gari kubwa ya Ah (ampea-saa) 100, inayochajiwa na paneli ya wati 100 na, umeme ukiwepo, na chaja ya ukutani.

Nilianza na kihisi joto kwa sababu ni rahisi: nyaya tatu na rezista ya kilo-omu 4.7. Nikakijaribu kwa barafu, kikasoma 0.2. Nikakijaribu kwenye sufuria inayochemka jikoni kwa Mama, kikakwama kwenye 95 na kikakataa kupanda. Nilikiweka pembeni nikijua kimeharibika, nikajaribu kingine nilichokopa kwa fundi wa mtaa wa Birere. 95 tena.

Vihisi vyote viwili vilikuwa vinasema kweli. Tuko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hiki maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Nimepika chai na kuinywa miaka yote hii katika mji huu bila kujua kwamba maji yake hayajawahi kufika 100. Nimeandika namba hiyo kwa kalamu nene ukutani juu ya meza, kwa sababu nahisi kimo hiki kitarudi kunidai jambo jingine.

3 Machi

Jioni mbili zimekwenda kwenye pH, na sababu yake ni ndogo kiasi kwamba naiandika kwa ajili ya mwingine asipoteze zake. Nilichomeka waya wa kihisi kwenye pini ya 25. Mezani kilisoma vizuri. Nilipowasha waifai ya bamba, namba zikafa. ESP32 ina makundi mawili ya pini za kusoma volti, na kundi la pili halisomeki waifai ikiwa kazini. Pini ya 25 iko kundi la pili. Nimehamia pini ya 34, tatizo limekwisha. Kumbuka pia kwamba ubao wa pH unaweza kutoa hadi volti 5, na pini za ESP32 zinataka 3.3 tu. Rezista mbili za kugawa volti zinatosha.

Kisha urekebishaji. Poda za kupimia huja kwenye vifuko, 6.86 na 9.18, na kila kifuko kinataka mililita 250 za maji yaliyotoneshwa. Maji hayo hapa yanauzwa na wauza betri, na hapo pana hatari: ukiomba "maji ya betri" Birere utaletewa moja kati ya chupa mbili zinazofanana, na moja ni asidi. Soma karatasi ya chupa. Muulize muuzaji. Muulize tena.

Elektrodi mpya kabisa hutoa milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye nyuzi 25. Yangu inatoa 54. Imechoka kidogo, lakini inafaa, mradi niirekebishe kila baada ya wiki mbili.

Nilipoitumbukiza kwenye tangi ikasoma 8.3, sawasawa na matone. Pampu ya maji ilipowaka ikasoma 7.1. Pampu ilipozima, 8.3. Maji hayawezi kubadilika hivyo kwa sekunde moja. Ni mkondo mdogo unaovuja majini na kupita kwenye elektrodi, kwa kuwa vyote vinashiriki waya mmoja wa chini (wa hasi). Kuna viunzi vya kutenganisha umeme wa kihisi na wa pampu, nami sina. Nimeiandikia programu isome pH dakika tano baada ya pampu kuzima, basi.

10 Machi

Bakteria walikuwa wanaanza kazi. Wiki tatu nimetia chakula kidogo cha samaki kioze, na amonia ilipanda hadi miligramu 4 kwa lita ikaanza kushuka: 3, 2, 1. Jana imerudi 3. Nimekagua kila kitu kwenye kisanduku, na kisanduku hakina kosa.

Jibu nimelipata kwa kuuliza. Mtoto wa jirani ndiye aliyejaza bidoni ziwani juzi, na pale wanapochotea kuna wahudumu wanaotia klorini kwa sindano katika kila bidoni inayopita, kwa ajili ya kipindupindu. Wanafanya kazi njema mno, na siwezi kumwambia mtoto akwepe pale. Maji yale yale wanayachota wao kwa kunywa. Lakini klorini inayoua kipindupindu inaua na bakteria wangu.

Kuanzia leo maji ya kuongezea yanalala siku nzima kwenye pipa wazi na jiwe moja la viputo ndani, na hayaingii tangini kabla sijanusa. Kuna siku kihisi hakihitajiki.

24 Machi

Amonia 0.25, nitriti sifuri, nitrati zipo. Samaki 60 wameingia, wa gramu 25 hivi kila mmoja. Nimewaacha waelee na mifuko yao juu ya maji nusu saa ili joto lilingane. Maji nyuzi 22.4. Tilapia wangependa 28, lakini Goma si nchi ya 28. Watakua polepole.

Mama amekataa saladi. Amepanda lengalenga (mchicha) na seleri. "Saladi itakula nani hapa?"

31 Machi

Saa nane usiku buza limelia. Skrini: JOTO 85.0. Nikatumbukiza mkono: maji baridi.

Namba 85 ndiyo DS18B20 hutoa inapowashwa kabla haijapima lolote. Umeme ulitikisika sekunde moja, kihisi kikaanza upya, programu ikasoma mapema mno. Ukiona -127 ujue waya umekatika. Sasa programu inasoma mara tano, inatupa 85 na -127, na kuchukua ile ya katikati. Nimewaomba radhi majirani wa ukuta wa pili.

20 Aprili

Saa kumi na nusu alfajiri Mama amegonga mlango wangu.

"Papa, amuka. Maji imenyamaza."

Papa ni mimi, ndivyo anavyoniita. Mama analala chumba cha upande wa tangi. Tangu Machi amezoea ule mlio, viputo usiku kucha na maji yanayoanguka kila saa. Ukimya ndio uliomwamsha.

Nilipomulika tochi, samaki wote walikuwa juu. Hawakuogelea. Walisimama wima kidogo, vichwa juu, midomo ikifunguka na kufunga kwenye ngozi ya maji, na walipoona mwanga hawakukimbia. Samaki mwenye nguvu hukimbia tochi. Nilimwita mdogo wangu, tukashika ndoo. Unachota, unainua juu ya kichwa, unamwaga kwa kishindo ili maji yavunjike na kubeba hewa, unachota tena. Mikono ilikufa ganzi kwa baridi. Mama alishika tochi na kutuhesabia. Ndoo ya 200 na kitu, samaki wa kwanza akazama chini kwa hiari yake, kisha wawili, kisha kundi. Kumekucha tukiwa tumelowa mpaka kifuani. Saba wamekufa.

Naandika sababu ikiwa bado ya moto.

Siku tatu za mawingu mazito, na usiku mbili bila umeme wa mtaa. Mahesabu yangu yalikuwa haya: pampu ya maji, wati 24 kwa dakika 15 za kila saa, wati-saa 144 kwa siku. Pampu ya hewa, wati 8 bila kupumzika, 192. Kisanduku, kama 12. Jumla karibu 350. Betri ya Ah 100 ikitumiwa nusu tu, kama inavyopaswa, ina 600. Siku moja na robo tatu, na paneli ingejaza pengo. Paneli haikujaza. Volti zilishuka, bamba likaanza kujizima na kujiwasha, na kila lilipojizima rilei ziliachia. Pampu ya hewa ilikuwa kwenye rilei. Kwa hiyo hewa ilikatika wakati betri bado ina nguvu ya kuiendesha saa nyingi. Samaki wangu hawakuuawa na betri. Nyaya zangu ndizo zilizowaua.

Na kile kimo kimekuja kudai deni lake. Maji ya nyuzi 22 yaliyoshiba hewa pwani hubeba miligramu 8.7 za oksijeni kwa lita. Hapa juu yakishiba kabisa hubeba 7.3. Mtu wa Mombasa hewa ikikatika ana akiba kubwa kuliko yangu.

Nimetazama orodha ya nilivyopima mpaka leo: joto, ambalo hubadilika kwa saa, pH, ambayo hubadilika kwa siku. Oksijeni inaisha kwa dakika, na cha kuipima sikuwa nacho. Nilianza na vilivyonivutia. Ningeanza na kinachoua haraka.

22 Aprili

Nimefumua nyaya zote. Wajenzi wenzangu, hapa ndipo ningeomba msome polepole.

Kila rilei ina skrubu tatu: COM (ya pamoja), NO na NC. Nilikuwa nimefunga kila kitu kwenye NO, yaani mguso uko wazi mpaka kidhibiti kitoe amri. Kidhibiti kikifa, kifaa kinazima. Kwa taa ni sawa. Kwa pampu ya hewa ni kinyume cha akili. Nimeihamishia NC: mguso umefungwa wenyewe, na kidhibiti kinaweza tu kuufungua. Kidhibiti kikifa, kikiungua, kikiondolewa kwenda kwa fundi, hewa inaendelea. Fundi wa Birere alipoona mchoro alisema, "Ndugu yangu, kwa nini hata uipitishe kwenye rilei?" Nimefikiri usiku kucha na sina jibu. Leo asubuhi nimeitoa kabisa. Pampu ya hewa sasa inakwenda moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, na hakuna programu duniani inayoweza kuizima.

Ubao wangu wa rilei unawaka volti za pini ya bamba zikishuka hadi sifuri, na bamba linapojiwasha pini huyumba kabla ya kutulia. Rezista ya kilo-omu 10 kutoka kila pini kwenda volti 3.3 imetuliza hilo.

Volti za betri sasa zinasomwa pia, kwa rezista za kilo-omu 100 na 22. Zikishuka chini ya 12.0, pampu ya maji inapunguzwa iwe dakika 10 kwa kila saa mbili. Chini ya 11.8 inazimwa, buza linalia, na umeme wote uliobaki ni wa hewa. Mboga zitavumilia siku bila maji mapya. Bakteria kwenye mawe yenye unyevu watavumilia pia.

5 Mei

Leo kisanduku kimenidanganya bila kusema uongo.

Jioni nimefungua ukurasa wake kwenye simu (simu inajiunga na waifai ya bamba lenyewe, haihitaji intaneti). Pampu ya maji: IMEWAKA, IMEZIMA, IMEWAKA, kila saa, safi kama daftari la shule. Nikatoka nje. Lengalenga zimelegea. Nimeingiza kidole kwenye mawe mpaka kifundo cha pili: makavu.

Rilei ilikuwa inalia tik kila saa. Pampu ilikuwa inavuma. Maji hayakupanda hata kikombe. Nimeifungua mezani: mchanga mweusi wa puzolani, laini kama unga wa kahawa, umejaa kuzunguka kile kipanga kidogo cha kusukuma maji na kukibana. Ule weusi tulioacha Februari baada ya kuosha mara nne.

Daftari la kisanduku limeandika amri ninazotoa. Halikuwahi kuandika kilichotokea. Haya ni mambo mawili na nilikuwa nayahesabu kama moja.

Nimerudi kwenye namba ya ndoo. Kitanda kinabeba lita 135. Pampu imepimwa upya kwa bidoni ya lita 20: dakika 1 na sekunde 25, yaani lita 14 kwa dakika. Tundu la kurudishia, chini ya bomba wima linaloshusha maji tangini, linaachia kama lita 3 kwa dakika. Zinabaki 11, kwa hiyo kitanda kinajaa kwa dakika 12 na kidogo, na nusu yake kwa dakika 6. Nimefunga swichi ya boya ndani ya bomba lenye matundu, kati ya mawe, kwenye usawa wa nusu. Programu inasema hivi: ukiwasha pampu na boya halijainuka ndani ya dakika 8, piga kelele. Na ukizima, lisiposhuka ndani ya nusu saa, piga kelele pia, kwa sababu mizizi imeziba tundu.

Boya moja la bei ndogo linalinda dhidi ya pampu iliyokwama, waya uliokatika, bomba lililochomoka, rilei iliyoungua, hata maji ya tangi kupungua. Halijali kosa liko wapi. Linajali kama maji yamefika. Nimelipenda kuliko kihisi cha pH, kilichonigharimu mara kumi ya bei yake.

Pampu sasa imevikwa soksi ya nailoni. Mawe ya juu tumeyatoa na kuyaosha tena, mara saba, mpaka maji yakatoka meupe.

Watu wenye uzoefu wanataka tangi zima lizunguke mara moja kwa saa. Mimi nazungusha lita 210 kati ya 650. Kwa samaki 53 wadogo inatosha. Wakifika gramu 150 sitaweza kubaki kwenye kiasi hiki.

19 Mei

pH 8.1. Rafiki amenishauri niongeze pampu ndogo ya kudondoshea asidi, kidhibiti kiishushe chenyewe hadi 7. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Bikaboneti za Kivu zinashika pH kwa nguvu: unatia asidi, namba inashuka mbele ya macho yako, kesho asubuhi imerudi pale pale. Mashine ikiona hivyo itatia tena, na tena, mpaka siku bikaboneti zinapoisha na pH inaporomoka kwa saa moja, samaki wakiwa ndani. Elektrodi iliyochoka ikikosea kwa nusu hatua, mashine itaamini. Bakteria wenyewe wanatengeneza asidi kila siku katika kazi yao, nami naongeza maji ya mvua. Imeshuka 0.2 kwa miezi miwili. Sina haraka.

Majani machanga ya seleri yana unjano kati ya mishipa. Chuma, kama nilivyohofia. Natafuta ile dawa ya chuma inayoyeyuka hata pH ikiwa juu.

2 Juni

Ujumbe wa simu umewezekana. Ubao wa SIM800L, ule wa laini ya simu, ulinisumbua wiki nzima kwa kujizima kila ulipotaka kutuma. Unataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na ukianza kurusha mawimbi unavuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Nyaya nyembamba hazipitishi. Nimeupa kipunguza-volti chake peke yake, kwenye 4.0, nyaya fupi nene, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 miguuni pake. Sasa unatuma.

Ujumbe unakwenda kwa watu watatu: mimi, mdogo wangu, na Mama. Kwa Mama nimeuandika kwa maneno aliyoyachagua yeye. Haumwambii volti wala dakika. Unasema: MAJI IMENYAMAZA.

23 Juni

Kiangazi kimekaza. Hakuna mvua ya kuchanganya, mapipa mawili ya mwisho nayabania. Maji nyuzi 21.6 alfajiri. Chakula gramu 50 kwa siku. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inataja 40 hadi 50 kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani, na kitanda changu ni mita 1.2. Mama amekata lengalenga mara ya nne.

Usiku wa leo, saa tatu, nimechomoa waya wa pampu ya maji bila kumwambia mtu, dakika moja kabla ya saa yake ya kuwaka. Nikakaa juu ya tofali kusubiri, saa mkononi. Rilei ikalia tik. Dakika 4, kimya. Dakika 6, kimya, na moyo unanienda mbio ingawa mimi mwenyewe ndiye niliyeuchomoa. Dakika 8 na sekunde 2, buza. Sekunde 11 baadaye simu yangu ikatetemeka. Mlango wa Mama ukafunguka, ametoka na tochi, ndoo tayari mkononi.

Nimemwonyesha waya, nikauchomeka. Alibaki amesimama pale mpaka aliposikia maji yanapanda.

Kilichobaki ni hewa. Pampu ya hewa haiwezi kuzimwa na programu tena, lakini mpira wake wa ndani unaweza kupasuka huku mota ikizunguka, na hapo hata kupima mkondo hakutaniambia. Nataka kitu kitakachotambua viputo vyenyewe. Nimefikiria chupa ndogo iliyogeuzwa juu ya jiwe moja, hewa ikijaa inainua boya, tundu dogo juu likiipunguza. Nimebakiwa na swichi mbili za boya. Nitajaribu Jumamosi. Mpaka wakati huo kitanda cha Mama kinabaki pale kilipo, upande wa tangi.